Waziri Aliyekataa Namba Tasa

Jamhuri ya Stahamala haimo katika ramani yoyote niliyowahi kuonyeshwa, na wachora ramani nikiwauliza sababu, huniambia hawataki matata. Lakini nchi ipo. Ina milima, ina mto, ina bendera inayofuliwa kila Ijumaa, na sisi wananchi wake tunaipenda serikali yetu kwa sababu tumeelezwa kwamba tunaipenda. Nitakayoyasimulia yaliwapata watu ninaowajua. Sitaongeza chumvi, kwetu chumvi huongezwa kwa kibali.

Zama hizo kila kitu chetu kilikuwa chini ya Kufuli la Taifa. Msidhani ni kufuli la chuma. Ilikuwa programu ya kompyuta ya kufumba siri, na wala haikuwa ya kutumiwa na mtu, bali ya kuazimwa na programu nyingine, mfano wa yale masufuria makubwa ya mtaa ambayo kila mwenye shughuli huyaazima akapikia pilau yake. Benki iliazima Kufuli kuficha siri za wateja. Hospitali ililiazima kufunga kabati za dawa. Mabomba ya maji, mageti ya bandari, milango ya magereza, hata lifti ya Ikulu, vyote viliazima. Sufuria likitoboka, basi, hakuna shughuli mtaani. Lakini nani angefikiria sufuria la serikali kutoboka?

Waliolitunga walikuwa wawili, Mashavu Kibindo na Lwembe Nyangasi. Walisoma chuo kimoja, wakakaa meza moja, wakala mihogo ya kukaanga kutoka karatasi moja huku wakibishana hesabu mpaka mafuta yanawachafulia madaftari. Mama yake Mashavu alipofariki, Lwembe ndiye aliyeshika jeneza mbele, upande wa kushoto, akalia kuliko wajukuu. Baadaye serikali ikaanzisha Mamlaka ya Ufumbo na Siri, ikatafuta mkurugenzi mkuu. Mashavu alikuwa na tabia ya kusema "sijui" pale asipojua, kwa hiyo akateuliwa Lwembe. Mashavu akabaki kuwa mkaguzi wa Kufuli, na hakuweka kinyongo. Alikuwa akiwaambia watu, "Lwembe akikaa pale juu, ni kama nimekaa mimi."

*

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, Mashavu alikwenda nyumbani kwa Lwembe. Alimkuta barazani amevaa msuli, anachokonoa meno.

"Lwembe, tumekosea," alisema kabla hajaketi.

"Karibu kwanza, dada. Tumekosea wapi?"

"Kwenye kipeuo. Pale Kufuli linapopokea cheti."

Hapa nieleze kidogo. Kila anayebisha hodi kwenye Kufuli huonyesha cheti, na ndani ya cheti mna namba kubwa. Namba hiyo yapasa iwe namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kufuli huitumia kutafuta kipeuo fulani, yaani namba ambayo ikijizidisha yenyewe huleta nyingine; likikipata, mgeni anapita. Lakini kama namba si tasa, kipeuo kile huenda hakipo kabisa, na Kufuli halikufundishwa kukata tamaa. Litazunguka likikitafuta kisichokuwepo, na likiwa linazunguka halimsikilizi mwingine anayebisha. Hakuna siri itakayoibiwa. Mlango utakataa tu kumfungukia mtu yeyote, mwizi na mwenye nyumba pamoja.

Lwembe hakuhitaji kuelezwa hivyo. Aliacha kuchokonoa meno.

"Hatukuuliza kwanza kama namba ni tasa," alisema polepole.

"Hatukuuliza. Na hatukuweka mwisho wa kutafuta. Cheti kimoja kibovu, nchi nzima inasimama."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe. Si ndivyo tulivyokubaliana tangu chuoni? Ukiona nyufa, mwambie mwenye nyumba kabla ya majirani."

"Umefanya vizuri, dada yangu. Umefanya vizuri sana." Lwembe alimshika mkono. "Usiandike popote. Unaijua ile sheria."

Mashavu aliijua. Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Ukamilifu, inayosema kwamba Kufuli la Taifa halina kosa, halikuwa na kosa, na halitakuwa na kosa. Ilipita kwa vigelegele. Mbunge mmoja aliuliza Kufuli ni kitu gani, akajibiwa kwamba ni kitu kisicho na kosa, akashukuru akakaa.

"Mabalozi wanakuja kwenye sherehe ya kulitazama Kufuli," Lwembe aliendelea. "Niachie mimi. Sherehe ikipita tu, tunaliziba kimyakimya. Mimi na wewe, kama zamani."

Mashavu akarudi kwake akiwa mwepesi, kama mtu aliyetua kuni.

*

Waziri wa Siri na Mawasiliano alikuwa Mheshimiwa Bakuza Mtengeti, mtu mwenye sauti ya kufungulia mikutano na tumbo la kuifungia. Kwenye sherehe alipangiwa kuonyesha Kadi ya Kwanza ya Taifa, yenye cheti chake mwenyewe. Basi akaitisha kikao asomewe yatakayokuwemo kwenye kadi. Wakamsomea jina, cheo, vyeo vya zamani, na hatimaye namba.

"Namba gani hiyo?"

"Namba tasa, Mheshimiwa," alijibu Lwembe.

Waziri alivua miwani.

"Rudia."

"Ni istilahi ya hesabu tu, Mheshimiwa. Maana yake ni namba isiyogawanyika."

"Isiyozaa?"

"Isiyogawanyika, Mheshimiwa."

"Mimi nina watoto ambao shule zimejengwa kwa ajili yao. Nina wake wanaojulikana na wengine wanaojitambulisha wenyewe. Leo mnanitaka nisimame mbele ya mabalozi nikiwa na utasa mfukoni?" Alipiga meza. "Namba yangu izae! Igawanyike kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kila mwananchi apate fungu lake. Huo ndio uongozi shirikishi."

Wakapiga makofi. Katibu mmoja alifuta machozi kwa tai.

Mashavu, aliyekuwepo kama mkaguzi, alisimama. "Mheshimiwa, naomba radhi. Namba ikigawanyika, Kufuli litazunguka bila kusimama, na kila kilichoshikamana nalo kitakwama. Ni kosa tunalolijua. Mkurugenzi nilikwisha kumweleza."

Waziri alimgeukia Lwembe taratibu, kama mizinga ya vita inavyogeuka.

"Mkurugenzi. Kumbe Kufuli lina kosa?"

Lwembe alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. Aliendelea kukoroga. Mashavu alimtazama, na moyoni hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alijua sasa atasema.

"Sina taarifa hiyo, Mheshimiwa," alisema Lwembe.

"Hukuambiwa kitu?"

"Sikuambiwa kitu."

Mashavu alibaki amesimama, mdomo umefunguka kidogo. Kisha akaketi.

Kikao kilipokwisha alimwahi Lwembe kwenye ukumbi wa nje. "Lwembe, umenifanyia nini?"

"Nimekuokoa. Ningekubali maneno yale ungelala ndani."

"Wiki hii Waziri anaingiza kadi ile mbele ya nchi nzima! Itakwama!"

"Labda isikwame. Hesabu nazo zina siku zake."

"Hesabu? Wewe ndiye unayesema hivyo?"

Lwembe alitazama saa yake, akaondoka haraka kama mtu anayechelewa kitu.

Mashavu akaenda Ofisi ya Kupokea Taarifa za Makosa. Alimkuta karani mpole anamwagilia ua. "Mama, tangu ile sheria ipite, hapa tunapokea shukrani tu," karani alimwambia. "Kama una shukrani, keti."

*

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Mabalozi walipangwa kivulini, wananchi tukapangwa juani. Waziri alihutubia mpaka wapiga tarumbeta wakakaa chini. Alisema Kufuli letu linaogopwa na maadui, linaonewa wivu na marafiki, na kwamba kuanzia leo hata Mungu akitaka kuingia Stahamala atabisha hodi. Kisha akachomeka kadi.

Taa ya njano iliwaka, maana yake subiri. Tukasubiri. Ikaendelea kuwa ya njano. Mtu mmoja alianza kupiga makofi akidhani ndivyo inavyotakiwa, tukamfuata wote, na Waziri akapunga mkono.

Tulipokuwa tukipiga makofi, mabomba mjini yalikuwa yamekwisha kufunga. Benki zilikataa fedha za watu na za wakurugenzi wa benki vilevile. Meli zilikaa nje ya geti la bandari zikipiga honi. Ikulu lifti ilisimama katikati ya ghorofa mbili ikiwa na mpishi na chakula cha jioni cha Rais. Serikali ikapitisha gari la vipaza sauti mitaani: "Ndugu wananchi, Kufuli halijakwama. Linafikiri kwa kina kwa niaba yenu. Msilisumbue."

Hospitali Kuu ndiko kulikokuwa na kilio. Kabati za dawa zilikuwa zimejifunga, na jokofu la damu, lile la chuma kinene na kidirisha cha kioo kisichopasuka, limejifunga nalo. Muuguzi mmoja alivunja kabati kwa mchi wa kinu akatoa dawa za watoto. Baadaye alishitakiwa kwa kuingilia tafakuri ya taifa. Jokofu la damu halikuvunjika. Waliokuwa wakingoja damu walingoja, na baadhi yao hawakungoja sana.

Mafundi walilizima Kufuli wakaliwasha upya. Lakini kwa itifaki, likiwashwa jambo la kwanza ni kuisalimia Kadi ya Kwanza, na likiisalimia tu linaanza kuzunguka tena. Fundi mmoja aliuliza kama kadi ingeweza kuchomolewa. Aliulizwa kama anataka kumng'oa Waziri. Akasema hapana, hakuwa na maana hiyo, akaliwasha tena.

Jioni ile ile Mashavu Kibindo alikamatwa nyumbani kwake akiwa anachota maji ya mvua. Mashitaka yalikuwa kwamba alijua. Kweli, alijua.

*

Kesho yake Lwembe alimwendea rumande. Alikuja bila tai, macho mekundu, akapiga magoti kwenye saruji mbele ya nondo. Mashavu alikuwa amekaa kwenye kona, hakunyanyuka.

"Nitukane," alisema Lwembe. "Nitukane umalize, halafu unisaidie. Nimetoka hospitali. Kuna kina mama wanatoka damu na damu wanaiona kwenye kioo cha jokofu. Nimejaribu usiku kucha kuziba lile kosa, kila nikigusa hapa panafumuka pale. Wewe unajua."

"Sherehe imepita," Mashavu alisema. "Uliniambia sherehe ikipita."

"Mashavu."

"Utawaambia kwamba nilikuambia?"

"Naapa. Mbele ya kaburi la mama yako, naapa. Kufuli likifunguka tu, nakwenda kwa Waziri, nasema yote. Utalala kwako."

Mimi nimewahi kumwuliza Mashavu kama alimwamini. Alisema hakumwamini, ila alikuwa akiwasikia kina mama aliowataja, na hakuona namna ya kumwadhibu Lwembe bila kuwaadhibu wao. Basi akasogea kwenye nondo, akamtajia dawa mstari kwa mstari: hapa uliza kwanza kama namba ni tasa; kama si tasa, kikatae cheti, hata awe nani mwenye nacho; hapa weka kikomo cha kutafuta, na kikifika, sema hakipo, geuka umsikilize mwingine. Lwembe aliandika kwenye kiganja, kiganja kikajaa, akapandisha mpaka kiwiko. Alipomaliza, aliupitisha mkono kwenye nondo akamshika bega.

"Kesho utalala kwako," alisema.

Siku ileile, kabla ya adhuhuri, maji yalitoka. Benki zikafunguka, meli zikaingia, mpishi wa Rais akatolewa kwenye lifti akiwa amekila chakula chote. Jokofu la damu likafunguka. Vipaza sauti vikapita tena: Mkurugenzi Mkuu Lwembe Nyangasi, kwa akili yake mwenyewe, ameliokoa taifa dhidi ya hujuma. Watu tulitoka nje tukaimba jina lake. Niliimba na mimi.

*

Kesi haikuchukua muda, maana hukumu ilikuwa imewahi kufika. Palikuwa na tatizo moja la kisheria: kosa haliwezi kuwepo, kwa kuwa Bunge limesema halipo. Mwendesha mashitaka alilivuka kwa ustadi. Alisema mshitakiwa hakutumia kosa lolote. Alilitia Kufuli mawazo.

Shahidi wa kwanza na wa mwisho alikuwa Lwembe. Alivaa suti mpya.

"Je, mshitakiwa aliwahi kukuambia habari za jambo hili kabla halijatokea?"

"Hapana."

"Na dawa uliipataje?"

"Nilipomhoji rumande aliitaja yote papo hapo."

"Papo hapo? Bila kitabu, bila kompyuta?"

"Bila hata kufikiri."

Watu ukumbini waliguna. Mwendesha mashitaka akafungua mikono. "Mheshimiwa Hakimu, mwenye dawa ya sumu ambayo haijawahi kuonekana duniani, tumwite nani?"

Hakimu alimwuliza Mashavu kama ana swali kwa shahidi. Alisimama. Nilikuwa nimekaa karibu, na nilidhani atapiga kelele.

"Ninalo. Shahidi, mama yangu amezikwa wapi?"

"Kule kwenu. Nyuma ya kanisa."

"Jeneza ulishika upande gani?"

"Mbele... kushoto."

"Swali hili linahusiana vipi na kesi?" Hakimu aliuliza.

"Halihusiani, Mheshimiwa," Mashavu alisema. "Nilitaka kuhakikisha kwamba ni yeye." Akaketi.

Hakimu alisoma hukumu. Alisema mshitakiwa ametumia kitu kisichokuwepo kuleta hasara iliyopo, na kwamba ustadi wa namna hiyo ni hatari kuliko wizi wa kawaida. Lwembe alipewa nishani. Waziri naye alipewa moja, kwa uvumilivu aliouonyesha Kufuli lilipokuwa likifikiri.

*

Mashavu alitoka kwa msamaha wa Rais, wakati hakuna aliyekuwa akimkumbuka. Amekonda, nywele zimenyolewa. Nje ya geti la gereza palikuwa na gari jeusi, na ndani yake Lwembe, amenenepa.

"Panda, dada," alisema akifungua mlango. "Msamaha ule nimeuomba mimi. Nimepiga magoti kwa watu usiowajua."

Mashavu aliinama akachungulia ndani ya gari. Hakupanda.

"Ningesema kweli siku ile, tungefungwa wote wawili," Lwembe alisema. "Nani angekuombea? Hebu fikiri. Mimi nilikaa nje kwa ajili yako."

Alikuwa akisema kwa moyo wake wote. Mashavu aliniambia hicho ndicho kilichomuuma kuliko hata gereza: alitafuta uongo usoni mwa Lwembe, hakuuona.

"Kazi yako ipo," Lwembe aliendelea, sauti ikishuka. "Tena kuna kitu kingine kimejitokeza mle ndani ya Kufuli. Sijamwambia mtu. Nataka ukitazame kimyakimya, mimi na wewe."

Mashavu aliufunga mlango wa gari taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa, akashika njia ya kwenda stendi.

Stendi alikaa kwenye benchi karibu na mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mzigo wa vitenge. Mzigo ulikuwa umefunguka.

"Dada, nishikie mtoto nifunge hili," mwanamke alisema.

Mashavu alimpokea. Mtoto alikuwa mnene, mwenye usingizi, akamlalia begani moja kwa moja.

"Mzito," alisema Mashavu.

"Huyo? Huyo alitaka kuniua. Nilimzaa siku zile za Kufuli kufungwa. Damu ilinitoka mpaka nikaanza kusikia baridi, na damu ya kuniongezea ipo palepale kwenye jokofu, naiona, haifunguki. Wauguzi wanalia. Halafu mara tukasikia kitu kinalia ka! Likafunguka." Alikaza fundo kwa meno. "Ndiyo nikampa jina hilo."

"Jina gani?"

"Lwembe. Yule bwana aliyetufungulia. Sikupata nafasi ya kumshukuru, nikasema basi mwanangu abebe jina lake."

Mashavu alimvuta mtoto kofia ikafunika masikio, maana upepo wa stendi ulikuwa na vumbi.

Basi liliingia. Mwanamke alinyanyua mzigo kichwani, akanyoosha mikono kumchukua mwanawe.

"Na yule mwanamke aliyelifunga," alisema, "nasikia wanataka kumwachia. Mimi sina neno naye. Nasema tu, Mungu amlipe kwa yote aliyotutendea."

"Amina," alisema Mashavu, akamkabidhi mtoto.